Baraza letu limepiga marufuku siasa: je, hii ndiyo njia ya kulinda heshima?

Katibu wa Baraza (Ng'ambo, Unguja)

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote.

Mimi ni katibu wa baraza moja la mtaani huku Ng'ambo, ambalo wazee wetu walilianzisha na sisi vijana tumelikuta. Watu hukusanyika baada ya sala ya alasiri, kahawa inapita, wengine wanacheza bao au keram, na tangu zamani hakukuwa na jambo lisilozungumzwa hapo: bei ya karafuu, mpira, misiba, na siasa kuliko yote. Wamo wanachama wa chama tawala, CCM, wamo wa chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo, na wapo wachache ambao hawataki ijulikane wanampigia nani kura.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 maneno yalikuwa makali, na yalizidi kuwa makali kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako watu wanaoheshimiana uso kwa uso waliandikiana mambo ambayo wasingethubutu kutamkiana. Mmoja aliitwa kibaraka, mwengine akaulizwa babu yake alitoka wapi, na ndugu wawili wa baba mmoja wakaacha kukaa jamvi moja. Wazee wakatoa amri kwamba siasa ni marufuku barazani na marufuku kwenye simu, na amri hiyo inafuatwa hadi leo.

Ugomvi umetulia, lakini mimi sina raha. Watu bado wanazungumza siasa kila siku, ila kila mmoja anazungumza na wa upande wake tu: hawa wanahamia kibaraza cha dukani, wale wanakwenda kwa fundi cherehani, na kila kundi linarudi na habari zake ambazo hapakuwa na mtu wa kuzihoji. Naona tunazidi kutojuana ilhali tunasalimiana vizuri sana.

Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, niwaombe wazee waiondoe amri hii? Na tukirudisha mazungumzo, tuyaendeshe vipi ili tuulizane na kupingana kama watu wenye akili, pasipo kurudi kule tulikotoka?

Mwalimu Mstaafu (Wete, Pemba)

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nilifundisha skuli kwa muda mrefu na sasa ninaishi Wete, na hayo unayoyaeleza niliyaona yakikua mpaka yakafika pahala ambapo sitaki kizazi chenu kifike.

Vijana wengi wakisikia habari za kususiana hudhani ni mambo ya Pemba ya miaka ya 1990, kumbe yalianza mapema zaidi. Baada ya uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957, watu walisusiana madukani kwa ajili ya vyama, wakulima wakatolewa katika mashamba walimokuwa wakilima kwa sababu hawakuwa chama kimoja na mwenye shamba, na wapo waliokataa hata kuzikana. Maneno ya mikutanoni ndiyo yaliyotangulia. Mwezi wa Juni 1961, fujo za uchaguzi ziliua watu 68.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na matokeo ya urais ya 1995 yakatangazwa kuwa asilimia 50.2 za CCM kwa 49.8 za chama cha upinzani cha CUF, desturi ile ile iliamka. Huku kwetu CUF ilichukua majimbo yote 21, kwa hivyo mtu wa CCM alijikuta mpweke katika kijiji alichozaliwa. Na huko Unguja mtu mwenye asili ya Pemba alitiliwa shaka kabla hajafungua mdomo. Sisi wanawake tulilijua jambo hili mapema kuliko waume zetu, kwa sababu shughuli za harusi na msiba zimo mikononi mwetu, na mtu akikataa kuja kupika au kukosha maiti huwezi kusema kwamba hukuona. Matusi ya jukwaani yaliumiza, lakini kilichovunja vijiji ni hicho cha kutohudhuriana.

Ndiyo maana, ukiniuliza mimi, kabla ya kufungua tena mazungumzo, baraza lenu likubaliane kwanza juu ya mambo ambayo hoja yoyote ya siasa haitayagusa: kuzikana, kualikana na kuhudhuriana harusi, kuuziana, kukopeshana, na kuuguziana wagonjwa. Mkubaliane hadharani, kila mmoja aseme kwa mdomo wake. Mtu akijua kwamba hata akipinga vikali atazikiwa mama yake na wale wale anaowapinga, hapo atakuwa na ujasiri wa kusema na subira ya kusikiliza.

Kuhusu amri ya wazee, mimi naona waliitoa kwa nia njema na wakati wake ulikuwa umefika, lakini isidumu. Ninalisema hili kwa sababu ya yale niliyoyashuhudia wakati wa Maridhiano, yaani mapatano ya CCM na CUF. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume wa CCM na kiongozi wa CUF Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar. Ikaja Kamati ya Maridhiano ya watu sita, watatu kutoka kila upande, chini ya Mzee Hassan Nassor Moyo. Na tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, ambapo asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katika miezi ile ya kampeni ya "Ndiyo" na "Hapana" niliona jambo nisilolizoea. Kwa kuwa ndani ya CCM yenyewe walikuwamo wa "Ndiyo" na wa "Hapana", rangi ya kofia ya mtu haikutosha tena kukujulisha msimamo wake, ikabidi umuulize sababu zake. Na mtu akiulizwa sababu kwa adabu, huzitafuta. Nilisikia hoja nzuri kutoka pande zote mbili, ikiwamo za wale niliowapinga kwa kura yangu.

Wakili wa Mjini (Unguja)

Nampa Mwalimu heshima yake yote, na sina ugomvi na ushauri wake wa maziko na harusi. Hata hivyo nina wasiwasi kwamba tukilieleza jambo hili kama suala la adabu ya kuzungumza tu, tutawabebesha mzigo watu wasiostahili kuubeba.

Uchaguzi wa Oktoba 2010 ulikuwa wa amani ingawa Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, yaani tofauti ndogo ya aina ile ile iliyotuvuruga mwaka 1995. Watu walikuwa ni wale wale na ndimi zao ni zile zile. Kilichobadilika ni Katiba. Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 yalikipa chama kinachoshika nafasi ya pili umakamu wa kwanza wa Rais na viti katika baraza la mawaziri, hivyo kushindwa hakukuwa tena na maana ya kupoteza kila kitu kwa miaka mitano. Kisha ikaja tarehe 28 Oktoba 2015, uchaguzi mzima ukafutwa wakati matokeo yakiendelea kutangazwa, ukarudiwa Machi 2016 bila CUF, na kususiana kukarudi Pemba baada ya miaka mitano ya kuishi vizuri. Sidhani kama watu walisahau adabu kwa usiku mmoja. Ukali wa maneno mara nyingi ni dalili ya mlango uliofungwa kwengine.

Ndiyo maana ninaogopa neno "heshima" linapotumika barazani bila kufafanuliwa, kwani huombwa zaidi kwa aliyeumizwa kuliko kwa aliyeumiza. Mwezi wa Januari 2001 makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya wafuasi wa CUF, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mtu aliyefiwa siku zile akisimulia, sauti yake itatetemeka na huenda atapandisha. Je, tutamwambia ashushe sauti ili kahawa yetu inyweke vizuri? Ibara ya 18 ya Katiba ya Zanzibar inalinda uhuru wa maoni, na haikusema kwamba maoni hayo lazima yawe matamu.

Kwa hivyo mpaka ninaoupendekeza ni mwengine. Ruhusuni ukali dhidi ya uamuzi, taasisi na kiongozi, mradi msemaji ataje jambo lenyewe na sababu zake. Kataeni kabisa, hata likisemwa kwa upole na tabasamu, neno linalomhukumu mtu kwa kisiwa, kabila, rangi au asili ya babu yake. Mtu anaweza kusema kwa hasira kwamba Tume ya Uchaguzi ilikosea, akaeleza ilikosea wapi, na akajibiwa. Lakini aliyeulizwa babu yake alitoka wapi atajibu nini? Hata akijibu, hakuna kitakachokuwa kimethibitika.

Pia lizingatieni suala la hofu. Ikiwa barazani yupo mtu anayedhaniwa kupeleka maneno kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali mtaani, na watu wanajua kwamba barua ya sheha wanaihitaji kwa mambo yao ya ukaazi, hamtapata mazungumzo ya kweli hata mkiweka kanuni nzuri namna gani. Na kwenye simu hali ni mbaya zaidi, maana neno la hasira linabaki, linapigwa picha, linasambazwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatufikia huku pia. Marufuku ya WhatsApp ningeiacha kama ilivyo. Ya barazani ningeiondoa.

Msomaji wa Nakuru (Kenya)

Ndugu Katibu, naomba kuchangia kidogo kutoka upande wa Bonde la Ufa, ambako baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani walichomeana nyumba. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, na matangazo ya baadhi ya redio za lugha za mama yalichangia kuchochea chuki kabla ya moto wenyewe kuwashwa.

Sisi tulijaribu njia ya sheria. Mwaka 2008 tukatunga sheria iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kikasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza hauhusishi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Nashukuru kwamba sheria hiyo ipo. Hata hivyo, wanasiasa walijifunza haraka kuzungumza kwa mafumbo, na kesi nyingi zilizofikishwa mahakamani hazikufika mbali, kwa hiyo singewashauri mtegemee orodha ya maneno yaliyokatazwa.

Jambo lililonipa matumaini ni la mwaka 2024. Mswada wa Fedha ulipotolewa, vijana waliupakua, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha za mama na kuujadili mitandaoni: kodi ya mkate, kodi ya mafuta ya kupikia, ushuru wa magari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia Wakenya wa jamii mbalimbali wakibishana juu ya siasa kwa wiki nzima bila mtu kuuliza jina la pili la mwenzake. Kilichofuata kilikuwa kichungu, kwa sababu vijana waliuawa katika maandamano ya tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Sifichi uchungu huo. Lakini mjadala wenyewe, kabla ya risasi, ulikuwa bora kuliko mingi niliyowahi kuisikia bungeni, na nadhani ni kwa sababu kila mtu alikuwa na karatasi ile ile mkononi. Pengine baraza lenu nalo lianze na waraka.

Mwendesha Midahalo (Morogoro)

Nimekuwa nikiendesha midahalo ya wananchi kwa miaka mingi, na ninakubaliana na ndugu wa Nakuru kwamba waraka husaidia, ila kwa uzoefu wetu wa Bara na Visiwani hautoshi. Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014 lilikuwa na rasimu ya Katiba mpya ya Tanzania mbele yake, imechapishwa, kila mjumbe anayo. Bado wajumbe walizomeana, na mwezi wa Aprili UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje wasirudi. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Jaji Joseph Warioba, aliyeiongoza Tume iliyoandika rasimu hiyo, alikuwa akizungumza katika mdahalo pale Ubungo Plaza, Dar es Salaam, kuhusu Katiba, ukavurugwa na vijana kwa vurugu, naye akalazimika kutolewa ukumbini.

Ninalolifikiria sana ni kwamba Tume iliyoandika rasimu ile nayo ilikuwa na watu wa pande zote. Walikuwamo wa CCM na wa upinzani, nusu ya wajumbe wake wakitoka Zanzibar, na bado walifikia pendekezo moja, tena zito, la serikali tatu: ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar. Walizunguka nchi nzima wakisikiliza wananchi, wakakaa pamoja muda mrefu, na kazi waliyopewa ilikuwa kueleza wananchi wamesema nini na kwa nini. Bungeni kazi ilikuwa kushinda kura. Ninaamini watu hubadilika kulingana na kazi waliyopewa wanapokaa pamoja, na huu ndio ushauri wangu mkubwa kwako, Katibu: usiitishe mjadala wa "nani yuko sahihi", itisha kikao chenye kazi. Wape watu swali ambalo mwishoni baraza litapaswa kuliandikia jibu, hata kama jibu lenyewe litakuwa ni kueleza kwa usahihi wapi wanatofautiana.

Katika kuendesha, nina kanuni moja ambayo nimeitegemea kuliko nyingine zote. Asiruhusiwe mtu kujibu hoja kabla hajaieleza upya kwa maneno yake, na mwenye hoja akakiri kwamba ndivyo alivyosema. Mwanzoni watu huiona kanuni hii ya kitoto na inachosha, lakini baada ya muda mfupi utagundua kwamba nusu ya ubishi ulikuwa juu ya mambo ambayo hakuna aliyeyasema. Uenyekiti uzunguke, na siku mtu anapoongoza asichangie hoja zake. Anayetoa taarifa aseme ameipata wapi. Akisema "nimesikia", iandikwe kuwa ni tetesi na isijadiliwe mpaka itakapothibitishwa.

Kwa Wakili, nina jambo moja la kumwambia. Mpaka wake kati ya uamuzi na asili ya mtu nimeupenda na nitautumia. Lakini asitulazimishe kuchagua kati ya taasisi za haki na adabu ya mazungumzo, kwa sababu Katiba aliyoisifu haikubadilika yenyewe. Watu sita waliokuwa mahasimu walikaa chumba kimoja wakazungumza mpaka ikawezekana kubadilishwa.

Wakili wa Mjini

Hoja ya Mwendesha Midahalo naikubali. Naongeza tu kwamba baadhi ya waliokuwa mbele katika Maridhiano kwa upande wa CCM, akiwamo Mzee Moyo mwenyewe, baadaye walifukuzwa uanachama. Anayezungumza na mpinzani kwa staha huweza kulipishwa na watu wa upande wake, na baraza linapaswa kumlinda mtu wa namna hiyo kwa kutopeleka nje maneno yake.

Katibu wa Baraza

Ahsanteni nyote, na shikamoo Mwalimu. Nimewasomea wazee wawili majibu haya, na wameelekea kukubali. Tunachofikiria ni kwamba marufuku ya WhatsApp ibaki, na barazani tutenge Jumapili alasiri kwa mazungumzo ya siasa, tukianza kwa ahadi ya maziko na harusi kama alivyoshauri Mwalimu, kisha tukae na waraka na swali la kujibu. Hakuna atakayerekodi, na anayeongoza atabadilika kila wiki.

Nimebaki na mambo mawili. Wazee wanauliza tuanze na suala gani, kwa sababu vijana wanataka Tume ya Uchaguzi iwe ya kwanza. La pili ni wale ndugu wawili, ambao kila mmoja anasema atakuja ikiwa mwenzake hatakuja.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Tume ya Uchaguzi mtaifikia, lakini isiwe ya kwanza. Anzeni na maji ya mtaani kwenu: yanakuja siku zipi, nani anawajibika, na bajeti ya Serikali imesema nini. Ni siasa hiyo, tena kubwa, na kila chama kina mtu anayebeba ndoo. Mkishazoea kupingana juu ya maji bila kuharibikiana, chukueni Katiba, mwisho ndipo mje kwenye Tume. Na siku hiyo msikae kibarazani, maana sisi wanawake hatuji kukaa hapo. Ombeni darasa la skuli au ukumbi wa madrasa, na waalikeni mama zenu na dada zenu kwa jina.

Wale ndugu msiwasuluhishe barazani. Kama wana shangazi au mama mdogo aliye hai, mwendeeni yeye kwanza, aende kwa kila mmoja peke yake. Wakija, wasipangwe kukaa pamoja wala mbalimbali, wakae watakapo.

Na wewe Wakili, neno lako juu ya waliofiwa mwaka 2001 nimelipokea. Siku mtu anayetaka kusimulia yaliyomfika atakapopata nafasi, asikilizwe mpaka amalize, na siku hiyo asijibiwe na mtu yeyote. Mwenye hoja aje nayo Jumapili inayofuata.